Usivue Kabla Hajatoka

Mimi ni fundi cherehani, na ulimi wangu una makali kuliko mkasi wangu. Wateja wanalijua hilo. Ukiniletea kitambaa cha mita moja na nusu ukataka gauni la mita tatu, nitakupasha ukweli wako hapo hapo, na ukinuna, mlango uko wazi. Kwa hiyo usinichukulie kama mtu wa kuona majini kwenye kila kivuli. Siogopi giza. Siogopi makaburi. Maisha yangu yote nimeogopa kitu kimoja tu: watu wajue kwamba sikio langu la kushoto halisikii.

Surua ilinipata nikiwa na miaka saba, ikaondoka na sikio. Tangu hapo nimeishi kwa ujanja. Nikikaa, ukuta nauweka kushoto. Mteja namsimamisha kulia. Mtu akininong'oneza upande mbovu, natabasamu na kusema "kabisa," kisha namwomba Mungu asiwe ameniuliza swali. Marehemu mume wangu tuliishi naye miaka kumi na tatu, na hakujua. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo. Mimi nilidhani wanaambiwa wengine.

Hedifoni zilizoniletea haya yote zilikuwa za binti yangu. Tunamwita Chiriku kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kunyamaza, hata usingizini. Ana miaka kumi na sita. Mjomba wake alimuungia kompyuta kwa vipande vya huku na huku, na tangu siku hiyo nyumba yangu ikageuka uwanja wa vita. Gemu mchana, sinema jioni. Nesi tunayepakana naye ukuta analala mchana kwa sababu ya zamu zake, na siku moja alikuja mlangoni na kanga kichwani, macho mekundu.

"Mama Chiriku," akasema, "tangu asubuhi nimeuawa mara arobaini. Nihurumie."

Nikamwahidi Chiriku: ukifaulu mtihani, nakununulia hedifoni. Akafaulu. Siku hiyo hiyo akaniandikia karatasi. Zifunike sikio lote. Zisibane kichwa. Ziwe na maiki. Besi iwepo kwa ajili ya sinema. Na mwisho, akapigia mstari mara mbili: nyayo zisikike zinatokea upande gani.

"Upande gani kwa nini?" nikamuuliza.

"Mama, kwenye gemu asiyesikia nyayo ndiye anayekufa wa kwanza."

Nikakunja karatasi, nikakifunga kibanda changu jua likizama, nikaenda.

* * *

Duka lilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa korido, baada ya fundi simu. Mwenyewe walimwita Bwana Nyaya, maana shingoni alikuwa amevaa nyaya kama wenzake wanavyovaa tai. Mtu mzima, mwembamba, mwenye tabia moja iliyonikera toka mwanzo: ukiongea naye, anakukodolea macho mdomoni. Nikajiambia huyu naye, hajaona mwanamke?

Nikampa karatasi. Akaisoma, akacheka kidogo.

"Huyu mtoto anajua anachotaka. Za gemu na za sinema si kitu kimoja, dada. Gemu inataka ukweli: adui yuko wapi, umbali gani. Sinema inataka utamu. Hizi nyingi unazoona zimeandikwa gemu ni taa tu. Zinawaka kama harusi, ukizivaa unasikia ndoo."

"Basi nipe zenye vyote viwili nikapike."

"Hapa hatuuzi kwa kutazama boksi. Utakaa pale, usikilize."

Katikati ya chumba kulikuwa na kiti cha mbao kilichokazwa sakafuni kwa skrubu. Sakafu ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, lakini kukizunguka kiti rangi ilikuwa imelika. Duara kamili, saruji ikionekana. Nikasema moyoni, wateja wengi kweli. Mbele ya kiti palikuwa na meza na mashine ya kanda, ile ya zamani ya kubonyeza vitufe. Na juu ya meza, ukutani, kibao cha maandishi ya mkono:

USIVUE KABLA HAJATOKA.

"Nani hajatoka?" nikauliza.

"Utamsikia. Ni mtu anatembea. Anaingia mlangoni, anakuzunguka, anasimama, halafu anatoka na kufunga mlango. Hedifoni nzuri itakuonyesha kila hatua ilipo. Sharti ni moja tu, usivue mpaka usikie mlango umefungwa."

"Na nikivua?"

Akanivisha za kwanza.

*Ko... ko... ko...*

Viatu vya soli ngumu. Vilinijia kutoka nyuma, vikapita kulia, vikaenda mbele. Kisha kimya, kwa sababu alikuwa ameingia upande wangu wa kiziwi. Nikasubiri kwenye kimya hicho kama mjinga. Nikadhani kanda ina sehemu tupu. Kitufe kikaruka chenyewe, *tak*, Bwana Nyaya akanivua. Za pili, hivyo hivyo, ila hatua zilikuwa karibu zaidi. Kidogo nigeuke.

Za tatu zilikuwa nyeusi, nzito, hazina taa hata moja. Alipobonyeza kitufe akaenda stoo nyuma kuniletea boksi lake.

Loo! Hizo zilikuwa kitu kingine.

*Ko... ko...*

Nilisikia ngozi ya kiatu ikijikunja. Nilisikia mchanga chini ya soli. Na nikanusa kitu, naapa, harufu ya ngozi iliyolowa ikakauka ndani ya kabati. Akanipita kulia taratibu, akapita mbele... na kimya.

Nikajua kilichobaki ni ule muda wa kukaa bure. Giza lilikuwa linaingia, na nina gauni la bibi harusi halijapindwa. Nikavua.

Kanda ilikuwa bado inazunguka. Niliiona kwa macho yangu. Nikazitazama zile hedifoni mkononi, nikaridhika nazo. Kitufe kikaruka, *tak*, na Bwana Nyaya akatoka stoo na boksi.

"Ametoka?"

"Ametoka."

Akanitazama mdomo. "Umesikia mlango?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno mawili tu: sisikii kushoto. Lakini miaka yote nimeficha, leo nimwambie muuza nyaya?

"Nimesikia," nikasema.

* * *

Chiriku alipiga kelele mpaka nesi akagonga ukuta. Akanibusu mashavu yote mawili, akavaa, akawasha gemu lake, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nyumba ikawa tulivu. Nikakaa kwenye cherehani kupinda gauni. Nilikuwa na furaha. Nikasimamisha gurudumu nikate uzi.

*Ko... ko...*

Nikatazama kulia. Hakuna mtu.

*Ko.*

Sauti ilikuwa kushoto.

Kushoto! Uzi ukanidondoka. Machozi yakanitoka kabla sijaelewa, na hayakuwa ya woga. Nilidhani nimepona. Nilidhani Mungu amenikumbuka uzeeni. Nikasugua vidole karibu na sikio lile. Kimya. Nikagonga mkasi juu ya meza, nikalisogeza sikio hadi pale pale. Kimya kabisa. Nikachukua simu, nikaiweka mlio wa juu, nikaibandika sikioni. Ikatetemeka tu.

Kisha, taratibu, kando ya bega langu...

*Ko... ko... ko...*

Sikio lilikuwa limefunguka kwa kitu kimoja tu.

Sikulala vizuri, na asubuhi nikajipa moyo kwamba ni uchovu. Saa nne akaja mteja wangu, mwalimu wa shule, nimpime suti. Nilikuwa na tepu mabegani mwake nikasogea kumpisha mtu. Nikaendelea, nikasogea tena.

"Fundi," mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "unampisha nani?"

Sikuwa nimejua kwamba napisha. Mwili ulikuwa umeshazoea peke yake. Nikamwambia mgongo unaniuma. Alilipa, akaondoka haraka, na suti yake hajaja kuichukua mpaka leo.

Siku ya tatu hatua zikakoma. Ungedhani ni nafuu. Adhuhuri, jua la utosi, barabara imejaa watu, nimeinama kwenye cherehani, ile harufu ya ngozi ikanijaa puani. Na ndani ya sikio langu mfu, karibu kabisa, nikasikia midomo ikiachana. Kisha pumzi ikavutwa ndani.

Pumzi ndefu. Ya mtu anayetaka kusema neno.

Nikaacha kibanda wazi, nikakimbia.

* * *

Bwana Nyaya alikuwa peke yake. Nikamwaga yote bila nukta. Akainua mkono.

"Taratibu, dada. Niione midomo."

Nikamtazama, naye akanitazama.

"Husikii," nikasema.

"Mwaka wa sita huu. Hata radi."

"Muuza hedifoni kiziwi!"

"Na mnunuzi kiziwi," akajibu, na usoni mwake hapakuwa na kicheko. "Nilikuuliza, dada. Nilikuuliza kwa kinywa changu, umesikia mlango? Mlango uko kushoto! Sikio la kufa halisikii dawa."

Nikakaa sakafuni, pale rangi ilipolika, na yeye akanieleza alichokijua, ambacho hakikuwa kingi.

Kanda ilirekodiwa na kaka yake, aliyekuwa akitengeneza sauti za sinema: mvua, milango, nyayo. Siku moja alijifungia chumbani peke yake, akaweka maiki mbili katikati, akatembea kuzizunguka ili apate nyayo za kuzunguka kichwa.

"Alikuwa pekupeku," akasema Bwana Nyaya. "Nilikuwepo nje ya mlango, viatu vyake nilivishika mimi. Lakini kwenye kanda..."

"Kuna viatu."

"Kuna viatu."

Kaka yake aliishangaa ile kanda, akaisikiliza, akavua katikati ili amwite mdogo wake aje asikie. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kupisha. Siku ya tisa walikuwa mezani wanakula. Akageuza kichwa kushoto, kama aliyeitwa. Akasema, "Sawa." Akainuka na sahani mkononi, akatoka nje. Hawajamwona tena.

"Kanda ungeichoma!" nikamfokea.

"Niliacha kuipiga wiki moja. Yule wa viatu akaanza kutembea bila kanda, akaondoka na masikio yangu. Asipotembezwa, anatembea mwenyewe. Kwa hiyo namtembeza. Wateja wanamwingiza, wanamtoa. Miaka sita hakuna aliyekosea."

"Nami nifanyeje? Mlango siusikii!"

Akaangalia mikono yake.

"Asikilize mwingine kwa niaba yako. Mwenye masikio mawili mazima, anayelala nyumba moja nawe. Amsikilize kwa hedifoni zile zile mpaka mlango ufungwe."

Ninayelala naye nyumba moja ni mmoja tu. Nikainuka, nikamwambia afadhali nife.

* * *

Niliapa Chiriku hatajua. Jioni ile nilikuwa napiga pasi, naye yuko mezani, hedifoni shingoni, ananisimulia sinema. Ile pumzi ikaja tena. Safari hii ilifuatwa na sauti ndogo, ulimi ukibanduka kwenye kaakaa. Pasi ikaniponyoka, ikatua kwenye gauni la bibi harusi. Moshi ukapanda.

Chiriku akaichomoa pasi. Hakuuliza kuhusu gauni.

"Mama, unampisha nani siku hizi?"

"Simpishi mtu."

"Upande wa kushoto. Upande usiosikia."

Nilihisi kama nimevuliwa nguo sokoni.

"Nani kakwambia?"

"Mama jamani. Tangu darasa la pili nakaa kulia kwako. Ulidhani ni kwa nini?"

Nililia. Nililia kwa aibu, na kwa hasira, na kwa miaka yote ile ya kuwekea ukuta watu ambao wangekaa tu upande wa pili na maisha yakaendelea. Na kwa kulia huko nikamwambia kila kitu. Hilo ndilo kosa langu la pili. Chiriku alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kitu ambacho hajawahi kukifanya.

"Kesho tunaenda," akasema.

"Hatuendi."

"Mama, akisema neno, utaenda naye. Nitabaki na nani mimi?"



* * *

Tulikwenda saa nane mchana. Jua lilikuwa kali, korido imejaa watu wa fundi simu. Bwana Nyaya alipomwona mtoto hakusalimia. Alimwelekeza kitini, akachomeka waya.

"Mpaka mlango," akamwambia.

"Mpaka mlango," Chiriku akajibu.

Nikamshika mkono. Kitufe kikashuka. Mimi sikusikia kanda, lakini nilimsikia yule wa viatu, kushoto kwangu. Kwanza alisimama kimya. Kisha...

*Ko.*

Akanitoka begani. *Ko... ko...* Akazunguka nyuma ya kiti. Nikaona kichwa cha binti yangu kikimfuata, kulia, mbele, na nikahisi vidole vyake vikipoa ndani ya mkono wangu. Harufu ya ngozi ikapungua. Hatua zikafifia.

Halafu sikio langu likafa. Likafa kabisa, vilevile lilivyokuwa tangu surua, na sijawahi kupenda kimya kiasi kile. Nilifumba macho nikamshukuru Mungu.

Nilipofumbua, Chiriku alikuwa ameshavua. Anakunja waya.

"Ametoka, Mama."

"Umesikia mlango?"

"Nimesikia."

Alijibu haraka. Alikuwa anatazama kamba za viatu vyake.

Nikamkumbatia, nikamvuta tukatoka, nikiwa kama mtu aliyetua gunia la mawe. Tulikuwa katikati ya korido, watu wakipishana nasi, tulipoiacha nyuma ile milio ya simu. Ndipo nikaisikia, kutoka dukani, kwa sikio langu zima.

*Tak.*

Kitufe kikiruka. Kanda ikiisha.

Nilisikia. Sitadanganya tena. Nilisikia vizuri, nikajua maana yake, na miguu yangu haikusimama. Nilikuwa nimechoka kuogopa. Nilijiambia ni simu ya mtu. Nikaendelea kushuka ngazi, nimemshika mwanangu mkono.

Usiku huo kucha sikufumba macho. Asubuhi nilirudi nikiwa tayari kumpigia magoti Bwana Nyaya. Duka lilikuwa tupu. Matundu manne ya skrubu sakafuni, na duara la saruji. Meza hakuna, mashine hakuna, kanda hakuna.

"Alihama jana ile ile," fundi simu akaniambia. "Lakini cha ajabu, mama, yule bwana nimekaa naye miaka minne. Ukitaka kumwita lazima umguse bega. Jana kabeba mizigo yake yupo kwenye ngazi, nikamwita tu kwa nyuma, 'Bwana Nyaya!' Akageuka. Akanichekea, akaniaga. Alikuwa analia."

Leo ni siku ya saba.

Hedifoni ziko kabatini, Chiriku hazitaki. Gemu hachezi. Nesi amenisimamisha mlangoni kuniuliza kama mtoto anaumwa, maana ukuta umenyamaza mno. Nimemuuliza mara nyingi, kwa upole na kwa ukali: ulisikia mlango? Kila mara jibu ni moja, na kila mara anatazama chini. Najua hilo jibu. Nimelitoa maisha yangu yote.

Jioni hii nimeandaa chakula. Nikavuta kiti nikae kushoto kwake, ili yeye awe kulia kwangu, tulivyozoea tangu darasa la pili. Akaniwekea mkono.

"Usikae hapo, Mama. Njoo upande huu."

"Kwa nini?"

Alikisogeza kiti chake kidogo, taratibu, kama unavyomwachia mtu nafasi apite.

Nikainama kwenye sikio lake la kulia, nikanong'ona.

"Mwanangu... amekwambia nini?"

"Bado," akasema Chiriku. "Anavuta pumzi tu."

Nikahamisha sahani yangu, nikakaa kulia kwake.